Leseni ya Tabibu wa Miguu Baina ya Tanga na Pemba

Mgonjwa wa kisukari wa Mabawa, jijini Tanga, anayepata kidonda cha mguu hapelekwi kwa daktari wa miguu wa aina inayojulikana Uingereza na Marekani, kwani fani hiyo haijazoeleka nchini. Humhudumia daktari na muuguzi kwa pamoja, na mpasuaji hali inapozidi. Makala haya yanaeleza jinsi leseni za watu hao zinavyoishia ufukweni.

Afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977. Elimu ya juu imo. Hivyo shahada ya udaktari hutokana na jambo la Muungano, ilhali leseni ya kuitumia hutolewa na kila upande: Baraza la Madaktari Tanganyika (jina lenyewe linatosha kuonyesha mpaka) husimamia Bara chini ya sheria ya mwaka 2017, na Zanzibar ina baraza lake. Wauguzi nao wana mabaraza yao, huku na huko. Daktari na muuguzi wa Tanga wanaotaka kwenda Wete kusafisha vidonda na kufundisha wenzao hukabiliwa, basi, na idhini mbili za mabaraza mawili.

Marekani, ambako kila jimbo hutoa leseni yake, mkataba wa majimbo ulioanza kazi mwaka 2017 unawahusu madaktari wa tiba na kuwaacha nje wa miguu. Kwetu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka katika Ibara ya 11 nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Kwa anayevuka Horohoro kwenda Kenya, ipo angalau ibara ya kushika. Kwa anayevuka bahari kwenda Pemba haipo, maana itifaki inaiona Jamhuri ya Muungano kuwa nchi moja.

Kwa maoni yetu, kibali cha muda mfupi kinachotolewa kwa timu nzima kingefaa kuliko leseni kamili ya pili. Mguu uliopoteza hisia hauumi. Mwenyewe huendelea kuukanyagia, na siku za kungoja barua ya baraza hupita bila yeye kulalamika, hadi usaha utakapofika mfupani na mazungumzo yakawa ya kukata.