Ree, Seti na Wazungu Watatu

Jioni mvua inaposhuka kutoka vilima vya upande wa Ziwa Albert, ikawakimbiza wenye pikipiki wa Bunia chini ya vibaraza vya maduka, aghalabu hupatikana miongoni mwao mmoja aliyetia jozi ya karata mfukoni mwa koti, na kabla maji hayajajaa mferejini, kreti ya bia iliyopinduliwa imekwisha kuwa meza, watu wanne wameikalia pande zake nne, na wengine wamesimama nyuma yao, kila mmoja akijua vema kuliko mchezaji mwenyewe karata ipi ingefaa kutupwa. Ukitega sikio utawasikia wakitaja as, roi, dame na valet, maana majina hayo tuliyapokea katika Kifaransa cha Wabelgiji. Sina ugomvi na Kifaransa. Lakini nasema ya kuwa ajifunzaye mchezo wa kula karata kwa majina hayo amepewa nyumba pasipo ufunguo, ilhali watu wa pwani, ambao karata waliziita kwa maneno ya Wareno, walizipa majina ambayo nusu ya kanuni imefichwa ndani yake.

Kwanza tufahamiane juu ya mchezo wenyewe. Ipo michezo ambayo mshindi wake ni yule anayewahi kumaliza karata za mkononi, na hiyo vijana wetu huipenda kwa wepesi wake, siyo niizungumzayo. Nazungumza juu ya michezo ya kula, ambamo mmoja hutangulia kutupa karata, wenziwe wakamfuata kila mmoja kwa yake, na yule aliyetupa iliyo kubwa akazizoa zote na kuzilaza kifudifudi mbele yake, kisha ndiye anayeanza tena. Wachezaji husema amekula, na kusema kweli sijaona neno linalofaa zaidi, kwa jinsi mtu anavyozikusanya kwa uchu.

Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498, walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na mwezi wa Desemba 1698 Waomani wakaitwaa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ngome iliwatoka, lakini mezani hawajang'oka hata leo: karata ni carta yao, turufu ni triunfo, na katika aina zake nne kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, shupaza ni espadas, na karata ya saba, sete kwao, pwani ni seti. Asi huitwa ree, na kwa sikio langu hiyo ni rei, yaani mfalme, jina ambalo asi amelinyakua pamoja na kiti. Mfalme mwenyewe, malkia na askari wake wameachiwa jina moja la jumla, nao ni wazungu: malkia ni mzungu wa pili, askari ni mzungu wa tatu, mfalme ni mzungu wa nne. Hapa Bunia, ambako muzungu ni mtu ashukaye katika gari jeupe lenye antena ndefu, majina haya huchekesha.

Mwenye kuchungua atauliza: wa kwanza yuko wapi, na kwa nini malkia awe chini ya askari? Jibu limo katika hesabu. Katika michezo ya Wareno iitwayo bisca na sueca, malkia ana thamani ya 2, askari 3, mfalme 4, saba ina 10 na asi ana 11, na karata zilizobaki hazina kitu. Basi aitaye mzungu wa tatu amekwisha kutaja thamani yake, wala hahitaji mwalimu. Ukijumlisha, kila aina ina 30, na aina zote nne zina 120; nusu yake ni 60, na atakaye kushinda shuruti apate moja zaidi. Ndiyo maana pwani upo mchezo uitwao wahedi wa sitini, maneno ya Kiarabu ambayo maana yake ni sitini na moja.

Nitaeleza sueca, kwa kuwa ndiyo ya watu wanne. Hutolewa kwanza karata zote za nane, za tisa na za kumi, zikabaki 40. Wanaoelekeana ni wenzi. Mmoja huchanga, mwingine hukata, na mgawaji humpa kila mtu 10. Karata moja ya mgawaji mwenyewe hufunuliwa, na aina yake ndiyo turufu, ishindayo aina nyingine zote. Huanza aliye kulia kwa mgawaji, na mchezo huendelea kwa kulia. Ree ndiye mkubwa, kisha seti, kisha wazungu wa nne, wa tatu na wa pili, halafu sita kushuka hata mbili. Aliye na aina iliyotangulizwa ni lazima aitoe. Asiye nayo ana hiari ya kukata kwa turufu au kutupa apendayo.

Uzito wa mambo haya hauonekani mpaka mtu alie. Turufu ni kopa, tuseme, nawe unatanguliza ree ya pau, ukijiona salama. Adui wa kwanza anatupa tano ya pau. Mwenzi wako, akiamini kuwa mlo ni wenu, anakupa seti ya pau ili 10 zake ziingie ghalani mwenu. Adui wa mwisho hana pau hata moja. Anatabasamu, anaweka mbili ya kopa, karata isiyo na thamani yoyote, na 21 zinakwenda kwake. Hapo ndipo wenzi wengi hununiana hata usiku, ijapokuwa hakuna aliyekosea.

Kosa lisilo na msamaha ni kuficha aina uliyo nayo na kukata kwa turufu, kwani mwisho karata zote huonekana, na mwenye khiyana hiyo hupoteza mchezo. Kusema na mwenzi ni marufuku vilevile. Kwa Wahispania, katika brisca ya wawili wawili, ishara za uso zinaruhusiwa, na mtu huweza kukonyeza turufu zake mbele ya hadhara. Mimi ningependa macho yabaki kwenye karata.

Bisca ni nyepesi zaidi: kila mtu hupewa karata tatu tu, zilizosalia zikawekwa katikati, na baada ya kila mlo wote huokota moja moja. Maadamu fungu halijaisha, hakuna anayelazimika kufuata aina. Wafaransa nao wana belote, ambayo kanuni zake zilichapishwa kwao mwaka 1921, yenye karata 32. Humo seti yetu tukufu haina thamani, kumi ndiyo yenye 10, na askari wa turufu hupanda juu ya wote akiwa na 20, akifuatwa na tisa ya turufu yenye 14, hata asi na mfalme wakawa chini yao. Kwamba askari aweza kumla mfalme, ni jambo ambalo Mkongomani hahitaji kufafanuliwa.

Msomaji, kama una jozi ya karata nyumbani, toa leo zile za nane, tisa na kumi, uwaite watu watatu, mcheze bila fedha, maana penye fedha kanuni hugeuka kesi. Taja wazungu kwa namba zao, uone jinsi hesabu inavyokwenda yenyewe. Na mkitoka 60 kwa 60, hapana aliyeshinda: karata huchangwa upya, na zamu ya kugawa humwendea aliye mkono wa kulia.