Mbegu za GMO: Tuulize Kwanza, Tupande Baadaye



Siku hizi kila tunapotembelea vikundi, swali la GMO halikosi. Mzee mmoja anasema mbegu hizo zinaleta kansa. Mama mwingine anasema zitaondoa njaa. Wa tatu anaogopa hata mahindi yake ya 614, akidhani ndiyo hayo hayo. Pesa ya mbegu ni pesa ya kikundi, tena ndiyo chakula cha watoto. Basi tueleze jambo hili polepole.

614 si GMO

Mbegu ya haibridi kama H614 hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa aina nyingine. Ukipanda tena punje ulizovuna, mavuno hupungua, ndiyo maana tunanunua kila mwaka. Hiyo si GMO.

GMO ni mbegu ambayo wataalamu wameigeuza jeni zake katika maabara, mara nyingi kwa kuingiza jeni ya kiumbe kingine. Jeni ni kama agizo dogo ndani ya mbegu, linaloamua mmea utakuwa wa namna gani. Chukueni mfano wa Bt. Hilo ni jina la bakteria anayeishi udongoni, na ambaye hutengeneza protini inayoua funza fulani. Jeni yake ikiwekwa ndani ya pamba au mahindi, mmea wenyewe hutengeneza protini hiyo. Funza akitafuna, anakufa. Lakini Bt haileti mvua, hairutubishi udongo, wala haiui kila mdudu.

Je, ni sumu kwa watu?

Mnamo Novemba 2012 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO nchini. Hiyo ilikuwa baada ya utafiti wa Ufaransa uliosema panya waliolishwa mahindi hayo walipata uvimbe. Mwaka 2013 jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa, likisema matokeo yake hayatoshi kuthibitisha jambo. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko katika soko la kimataifa vimepimwa, na havielekei kuleta madhara kwa afya.

Desemba 2019 serikali ilikubali pamba ya Bt ipandwe, na Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaondoa ile marufuku. Wengine hawakuridhika wakaenda kortini.

Kanisa nalo limesema. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alieleza kwamba hakuna uthibitisho kamili kuwa nafaka hizi zinadhuru watu. Lakini hakuishia hapo. Alionya kwamba mahali pengi ardhi imeingia mikononi mwa wachache, na wakulima wadogo wakasukumwa kando.

Waliotangulia walipata nini?

Nchini Burkina Faso wakulima walianza pamba ya Bt mwaka 2008. Badala ya kunyunyiza dawa kama mara sita, walinyunyiza mara mbili tu. Mavuno yakapanda. Hiyo ni faida ya kweli, kwa mfuko na kwa mapafu ya anayebeba pampu. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko za zamani, na bei yake sokoni ikashuka. Kufikia 2016 kampuni za pamba ziliamua kuiacha.

Huko Afrika Kusini mahindi ya Bt yalifanya kazi vizuri miaka ya kwanza. Mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua wameizoea ile protini. Mkulima alitakiwa apande sehemu ya mahindi ya kawaida kando, ili funza wasioizoea wabaki na kuzaana na wengine. Wengi hawakufanya hivyo.

Mnaona basi? Mbegu inaweza kuua funza na bado mkulima akapata hasara.

Njia nyingine ipo

Kama shida yenu ni funza wa mabua, kuna njia ya sukuma-vuta iliyotengenezwa na watafiti wa ICIPE kule Mbita miaka ya 1990. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo. Nepia hupandwa kuzunguka shamba, nayo huwavuta. Desmodiamu pia huongeza rutuba na kuzuia striga, ile wengine tunaita kayongo, na ng'ombe wanapata majani. Kazi yake ni nyingi mwanzoni, lakini desmodiamu ikishika hukaa miaka.

Maswali ya kikundi

Kabla ya kutoa pesa kwa mbegu yoyote mpya, mwiteni afisa wa kilimo, naye katibu aandike majibu:

1. Mbegu hii inazuia mdudu gani? Ndiye anayetusumbua hapa?
2. Imekubaliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia?
3. Tutanunua kila msimu? Kwa bei gani, na msimu wa ukame tutalipa na nini?
4. Nani atanunua mavuno, na amesema hivyo kabla hatujapanda?
5. Sehemu ya mbegu ya kawaida itapandwa wapi katika mashamba yetu madogo?

Mkikosa jibu la swali moja, msipande shamba lote. Jaribuni kipande kidogo kwanza, na mbegu zenu za zamani msizitupe.