Kunadi na Kuomba: Lugha ya Mgombea katika Rufiji na Kibiti

Nataka kuyapima hapa maneno mawili ambayo siku za uchaguzi hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Mgombea husemwa kwamba ananadi sera zake. Papo hapo husemwa kwamba anaomba kura. Lakini kunadi ni kazi ya mnada: mwenye mali hupaza sauti, na wanunuzi husikiliza. Kuomba ni kinyume chake: mwombaji humwendea mwenye kitu, naye hana budi kungoja jawabu.

Tofauti hii yaonekana wazi katika delta ya Rufiji. Vijiji vilivyo kati ya mikoko hufikiwa kwa chombo, na chombo hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Mgombea ashukaye na kipaza sauti, akahutubu saa moja na kuondoka kabla maji hayajapwa, amenadi, hakuomba. Mwombaji hupiga hodi, huwaamkia wazee, huwapa pole waliofikwa na mafuriko kama yale ya 2024, kisha huuliza khabari za mpunga, korosho na kamba. Naye hunyamaza ajibiwe. Asiyelijua hata dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ambamo mkulima huulinda mpunga wake, atauliza nini?

Yafaa hapa kumkumbuka Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na tangu 1955 alivitumia vikundi vya namna hiyo kuwaingiza wanawake wengi katika TANU. Hata hivyo mwaka 1965, akiwa mmoja wa wasemaji hodari wa nchi, alikishindwa kiti chake cha ubunge cha Rufiji. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyomwangusha. Nasema kwamba uchaguzi ule ulibadili mahali pa msemaji: wagombea wawili wa chama kimoja, huyu kwa alama ya jembe na yule kwa alama ya nyumba, walisimama katika mikutano ile ile, wakisema Kiswahili tu, mbele ya watu walioweza kuwapima pamoja.

Sharti lile la Kiswahili lina funzo hata leo. Salamu ya Kindengereko hufungua mlango wa mzee wa Kibiti, na si vibaya mgombea kuijua. Lakini ahadi yataka Kiswahili, ili Mndengereko na Mmatumbi waisikie kwa maneno yale yale, na kesho waweze kuidai pamoja.

Neno kura lenyewe latokana na Kiarabu, ambako asili yake ni bahati nasibu. Mpiga kura aliyenadiwa tu, asiulizwe wala kujibiwa, hana kipimo cha kumchagulia mtu. Hurudishwa kwenye maana ile ya kale.