Mizani ya moshi: kwa nini vihisi vya injini za gesi lazima vihakikiwe

Mkulima wa korosho anajua jinsi mizani mbovu inavyoweza kumla msimu mzima. Ndiyo maana nchini Tanzania Wakala wa Vipimo huzunguka na mawe yenye uzito unaojulikana, huyaweka juu ya mizani, husoma namba, kisha hubandika stika. Lakini iko mizani nyingine ambayo wengi hatujawahi kuiona. Hiyo hupima moshi wa injini kubwa za gesi, zile zinazozalisha umeme na kuendesha viwanda. Nayo ikidanganya, hasara huingia kwenye mapafu ya watu.

Injini hizi ziko wapi?

Ziko karibu kuliko unavyodhani. Mtwara kuna injini zinazotumia gesi asilia ya Mnazi Bay kuzalisha umeme. Dar es Salaam, katika vituo vya Ubungo na Tegeta, ziko injini kubwa zinazotumia gesi inayosafirishwa kwa bomba. Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, mtambo wa KivuWatt huvuta gesi ya methani kutoka kilindini na tangu 2016 umekuwa ukizalisha umeme wa megawati 26. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yametumika kutengeneza gesi ya kuendeshea injini.

Gesi huwaka kwa usafi kuliko dizeli. Moshi wake mara nyingi hauonekani kwa macho, na hapo ndipo penye mtego. Usipoona wingu jeusi, unaweza kuamini kwamba hakuna kinachotoka.

Nini kinatoka kwenye bomba la moshi?

Mambo matatu hufuatiliwa zaidi. La kwanza ni oksidi za nitrojeni. Hizi hutokea pale joto ndani ya silinda linapopanda sana, na huwasha njia ya hewa, hasa kwa watoto na wenye pumu. La pili ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. La tatu ni methani ambayo haikuungua. Hiyo ni mafuta yaliyolipiwa kisha yakamwagwa hewani, na hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa ukizipima kwa uzito ule ule katika muda wa miaka 100.

Vifaa vinavyopima gesi hizi huitwa vihisi. Mafundi wengi husema sensa. Kihisi cha oksijeni huwa na kipande cha kauri kinachopashwa moto hadi mamia ya nyuzi joto. Kauri hiyo hulinganisha oksijeni ya ndani ya bomba na ile ya hewa ya nje, kisha hutoa umeme mdogo unaogeuzwa kuwa namba. Vihisi vya kaboni monoksaidi na oksidi za nitrojeni kwenye vifaa vya mkononi huwa na kemikali ndani yake, na kemikali hizo huchakaa kadiri siku zinavyopita.

Kwa nini kihisi hupoteza ukweli?

Kihisi hukaa mahali pagumu: joto, mtetemo, mvuke na majivu ya oili. Gesi ya mabaki ya mkonge au samadi huwa na ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vyuma na kuharibu vihisi. Gesi ya madampo huleta silikoni, inayoganda juu ya kihisi kama ukoko juu ya sufuria. Kwa hiyo namba husogea polepole, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, bila kengele yoyote kulia.

Baadhi ya injini hutumia namba ya oksijeni kuamua gesi kiasi gani iingie. Tuseme bomba la moshi lina ufa kabla ya kihisi na hewa safi inaingia. Kihisi kitaona oksijeni nyingi. Kompyuta ya injini itadhani gesi ni pungufu, itaongeza. Silinda zitapata joto kupita kiasi, oksidi za nitrojeni zitapanda, na injini inaweza kuanza kugonga. Kihisi kikikosea upande wa pili, gesi itapunguzwa mno, silinda zitakosa kuwasha vizuri, na methani itatoka ikiwa mbichi.

Kosa dogo, matokeo makubwa

Chukua mfano wa Ujerumani. Kwa miaka mingi kanuni zake za hewa ziliweka kikomo cha miligramu 500 za oksidi za nitrojeni kwa kila mita ya ujazo ya moshi kwa injini nyingi za aina hii. Ili mtu asidanganye kwa kuchanganya moshi na hewa safi, namba iliyopimwa hukokotolewa upya kana kwamba moshi una oksijeni asilimia 5. Unazidisha kwa 16, kisha unagawanya kwa 21 toa oksijeni uliyopima.

Tuseme kifaa kimepima miligramu 400, na oksijeni ya kweli ni asilimia 10. Hesabu inatoa 582: injini imevuka kikomo. Sasa kihisi kilichochakaa kiseme oksijeni ni asilimia 8. Hesabu inatoa 492: injini imefaulu. Moshi ni ule ule, na jirani anavuta hewa ile ile. Kilichobadilika ni mizani tu.

Kuhakiki kunafanyikaje?

Kazi hii inafanana na ile ya mawe ya mizani. Kwanza, fundi huacha kihisi kipate joto lake la kazi, kisha hukipa hewa safi ya nje. Oksijeni isome asilimia 20.9, kwa kuwa hewa kavu ndivyo ilivyo kila mahali.

Pili, hukipa nitrojeni safi kutoka kwenye mtungi. Kaboni monoksaidi na oksidi za nitrojeni zisome sifuri.

Tatu, hukipa gesi ya mtungi wenye cheti, ambayo kiwango chake kinajulikana. Cheti kikisema sehemu 400 katika milioni, kifaa nacho kiseme 400 au karibu sana, kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Fundi husubiri namba itulie, na huangalia mipira na viungio visivuje. Mtungi uliopita tarehe yake ni sawa na jiwe la mizani lililomeguka.

Nne, na hapa wengi huteleza, fundi huandika namba aliyoikuta kabla ya kurekebisha chochote. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kama vipimo vya miezi iliyopita vilikuwa vya kuaminika. Akirekebisha kwanza ndipo aandike, ushahidi umepotea.

Wewe msikilizaji unaweza kufanya nini?

Ukiishi karibu na mtambo wa gesi, si lazima uwe fundi. Kwenye mkutano wa kijiji au mbele ya wakaguzi wa mazingira, ambao kwa Kenya ni NEMA, uliza maswali manne. Vihisi vilihakikiwa lini? Mitungi iliyotumika ilikuwa na cheti kilicho hai? Namba zilizokutwa kabla ya marekebisho ziko wapi? Na injini ilikuwa imebeba mzigo wake wa kawaida wakati wa kupima? Injini inayozunguka bila mzigo haionyeshi moshi wake wa kila siku.

Na kama una jenereta ndogo nyumbani au dukani, kumbuka kwamba hiyo mara nyingi haina kihisi cha moshi. Iweke nje, mbali na milango na madirisha, hata mvua ikinyesha ijengee kibanda kilicho wazi pande zote. Kaboni monoksaidi yake haibishi hodi.