Utelezi wa Bamia na Lehemu ya Damu

Barua za wasomaji wa safu hii zimekuwa zikileta suali moja kwa maneno mbalimbali: je, ni kweli kwamba maji ya bamia zilizolazwa usiku kucha, yakinywewa kabla ya kifungua kinywa, huosha mishipa na kuyeyusha lehemu, yaani kolesteroli, iliyoganda ndani yake? Suali hili halikuzuka bure, kwani wapo watu, na aghalabu wana vipaza sauti sokoni, wanaouza maji hayo kwa chupa na kuapa kwamba mteja atavitupa vidonge vyake kabla ya mwezi kuandama. Kauli hiyo ni batili, na anayeisema ama hajui anachokiuza, ama anajua na hajali.

Utelezi wa bamia hauoshi mshipa wowote, kwa sababu haufiki mshipani. Utelezi huo, sawa na ule wa mlenda, na sawa na ute unaoufanya uji wa shayiri uwe mzito, ni nyuzinyuzi za aina ile iyeyukayo majini, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Kwa hiyo hupita katika utumbo mwembamba zikiwa zingali nzima, hata zikafika utumbo mpana ambako vijidudu huzichachua, wala hazivuki ukuta kuingia damuni. Ajabu yake, nayo imenishughulisha kwa miaka mingi, ni kwamba huipunguza lehemu ya damu bila ya kuigusa damu.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na lehemu yenyewe, nazo humiminwa utumboni kila tulapo ili kuyavunja mafuta yawe matone madogo. Na kwa kuwa mwili haupendi israfu, asidi hizo zikisha kufanya kazi yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, kadiri ya asilimia 95, zikarejea inini, zikamiminwa tena, mara kadhaa kwa siku moja. Sasa, utelezi ukiwamo utumboni, ute wake mzito huzinasa baadhi ya asidi hizo kama tope linavyonasa unyayo, zikashindwa kuufikia ukuta wa kufyonzea, zikatoka pamoja na choo. Ini, hazina yake ikishapungua, halina budi kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni lehemu. Basi huzidisha juu ya seli zake vipokezi, vile ambavyo Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa uchunguzi uliovidhihirisha, navyo huidaka lehemu mbaya iitwayo LDL ipitapo katika damu na kuivuta ndani.

Wengine husadiki kwamba kila chenye makapi hufanya kazi hiyo. La: pumba za ngano husaidia choo, lakini hazina utelezi, na lehemu huiacha palepale. Zilizochunguzwa zaidi ni oti na shayiri, hata mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu makasha ya oti yaandikwe kwamba gramu 3 za beta-glukani, yaani nyuzinyuzi zenye utelezi za oti, kwa siku, pamoja na mlo usio na mafuta mengi mazito, zaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Lehemu mbaya hupungua kwa asilimia 5 au zaidi kidogo. Si haba, wala si muujiza. Na aliyekwisha kupatwa na kiharusi, akaviacha vidonge vya tabibu kwa ajili ya chupa ya sokoni, ametupa ngao akashika ukuti.

Shauri langu ni fupi. Kula kunde, choroko au maharage kila siku. Chungwa lile zima badala ya kulikamua. Bamia na mlenda viwe mboga ya mezani, kwani bamia zikilazwa majini kisha zikatupwa, sehemu ya nyuzinyuzi hutupwa nazo. Punguza samli. Ongeza nyuzinyuzi kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha, tumbo lisijae riahi, na baada ya majuma sita nenda maabara ukapime damu.