Mapenzi Katika Sanamu (2): Mikono Iliyoachana

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza Busu, sanamu ya marumaru ya Mfaransa Auguste Rodin, ambamo mwanamume na mwanamke wamekumbatiana hadi mtazamaji anajihisi ameingia chumbani bila kubisha hodi. Safari hii ni zamu ya mwanafunzi wake, Camille Claudel, aliyefinyanga jambo gumu zaidi: kuachwa.

Claudel, aliyezaliwa mwaka 1864, aliingia karakana ya Rodin jijini Paris akiwa na miaka 20 hivi. Akawa msaidizi wake, kisha mpenzi wake. Rodin hakumwacha Rose Beuret, mwenziwe wa tangu ujanani, na penzi likavunjika.

Katika miaka ya 1890 Claudel akaunda L'Âge mûr, yaani Utu Uzima. Watu ni watatu. Mwanamke mzee anamwondoa mwanamume, na nyuma yao msichana amepiga magoti akimsihi asiende. Katika umbo la kwanza, msichana alikuwa bado ameushika mkono wa mwanamume. Katika la pili, Claudel aliwatenganisha: mkono wa mwanamume umebaki nyuma, mtupu, na vidole vya msichana haviufikii.

Jicho likishafika kwenye pengo hilo, halibanduki. Marumaru isingelibeba kwa urahisi, kwa kuwa mkono mrefu wa jiwe usio na egemeo huvunjika. Shaba nyeusi, inayoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huustahimili.

Mdogo wake, mshairi Paul Claudel, alimwona dada yake katika msichana yule. Hakukosea, lakini sanamu hii si shajara ya machungu tu. Inaonyesha pia mwanadamu anavyotolewa ujanani na kukokotwa kuelekea uzee. Fundi aliyefinyanga mikono ikiwa imeshikana, kisha akaamua kuiachanisha, alijua anachokifanya, naye anastahili heshima ya fundi kabla ya huruma.

Serikali ya Ufaransa iliagiza plasta ya kazi hiyo mwaka 1895, lakini shaba ilimiminwa mwaka 1902 kwa fedha za mtu binafsi. Sasa iko Musée d'Orsay, Paris. Claudel alifungiwa na familia yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1913, akabaki katika hali hiyo hadi kifo chake mwaka 1943.

Sehemu ya tatu itamgeukia Constantin Brancusi, Mromania aliyepita kwa muda mfupi katika karakana ya Rodin mwaka 1907, kisha akawachonga wapendanao wawili katika bonge moja la jiwe.