Kutu Huanzia Mahali Pasipoonekana

Ndugu wanachama, mali ya chama haiibwi na wezi peke yao. Mabati ya ghala, mizani, matangi ya maji na nondo zilizomo ndani ya zege huliwa na kutu usiku na mchana, wala hakuna stakabadhi inayoandikwa. Yafaa kila halmashauri ifahamu kutu hufanyaje kazi yake, kwa maana fedha za matengenezo hupotea bure tukipaka rangi palipo pazima na kuacha panapoliwa.

Aliyefumbua macho ya wahandisi katika jambo hili ni Ulick Evans (1889–1980), mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambaye kazi ya maisha yake ilikuwa kuchunguza kuliwa kwa metali. Jaribio lake mashuhuri lilikuwa rahisi ajabu. Aliweka tone la maji ya chumvi juu ya chuma kilichosuguliwa, akiwa ametia dawa zinazobadili rangi. Mtu angetazamia chuma kiliwe ukingoni mwa tone, kwenye hewa nyingi. Ikawa kinyume: ukingo uligeuka rangi ya waridi na chuma kikabaki kizima, bali katikati, ambako oksijeni haifiki kwa urahisi, pakawa buluu, nako ndiko chuma kilikoyeyuka. Baina ya sehemu hizo mbili hupita umeme mdogo, kama ndani ya betri ya tochi, na chumvi huurahisishia njia.

Kwa hiyo msitazame tu katikati ya bati lililo wazi, linalokauka upesi. Tazameni pale mabati yanapolaliana, chini ya majani yaliyorundikana kwenye mifereji, na chini ya mizani palipomwagika mbolea ya chumvichumvi. Mbolea hiyo hunyonya unyevu wa hewa, ikawa ndiyo lile tone la Evans. Kufagia hakuna gharama.

Bati hudumu kwa sababu ya zinki, ufundi uliopewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la Stanislas Sorel. Zinki hukubali kuliwa kwanza, hata bati likikwaruzwa kidogo chuma husalimika. Zinki ikiisha, kinga imekwisha. Rangi ipakwe kabla ya hapo, si paa likishatoboka. Tena mtu asifunge waya au bomba la shaba kwenye bati: shaba hukiharakisha kifo cha zinki.

Zege lina hatari ya peke yake. Saruji huzizungushia nondo hali ya magadi inayozuia kutu, lakini mchanga wa baharini usiooshwa huleta chumvi inayoivunja kinga hiyo kutoka ndani. Fundi anayeuchota ufukweni kwa kuwa ni wa bure anakiuzia chama hasara. Tena nondo zisikaribie uso wa zege. Penye upepo wa bahari huhitaji kufunikwa kwa takriban sentimeta 5.

Mwaka 1971 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na T. P. Hoar, aliyewahi kufanya utafiti pamoja na Evans, ilikadiria kwamba kutu na uharibifu wa namna hiyo uliigharimu nchi ile pauni milioni 1,365 kwa mwaka. Kati ya hizo, milioni 310 zingeweza kuokolewa kwa kutumia tu maarifa yaliyokuwapo tayari, bila uvumbuzi wowote mpya.

Mkiona ufa unaofuata mstari wa nondo, au doa la kahawia juu ya nguzo, msiufunike kwa lipu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, nayo ndiyo inayolipasua zege. Mwiteni mhandisi wa wilaya aitazame nguzo kabla ghala halijapokea mazao ya msimu. Zege lililolegea libanduliwe hadi kwenye nondo, kutu isuguliwe yote kwa brashi ya waya, na nondo iliyokonda mno iongezewe nyingine kabla ya kufunikwa upya.